Kamera Yenye Mabwana Wawili

Ndugu wafanya kazi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki,

Kamera zilizotundikwa madukani na mahotelini ili kutuchunga sisi, zenyewe hutekwa zikiwa papo hapo ukutani. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka katika intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani, yapata 60 tu. Oktoba 21 kamera zilizotekwa ziliiangusha kampuni ya Dyn, Marekani. Novemba zikaisumbua Lonestar ya Liberia, Waafrika wenzetu. Kuzima na kuwasha huifuta Mirai, lakini neno la siri lisipobadilishwa hurudi upesi.

Basi mwajiri alibadili siku ile ile ya kufunga kamera. Asipobadili, asimfukuze bawabu, ambaye neno hilo hakuambiwa kamwe. Makatibu wa matawi, mwulizeni kabla ya mkutano ujao.