Kisukari na Saumu: Tafiti Zasemaje?



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioitika mwito huu wa mwezi wa Shaaban, mada niliyopewa ni kisukari na saumu. Nimeombwa nieleze madaktari wamegundua nini na wanabishana juu ya nini. Wacha nianze na swali. Katika nyumba zenu, nani ana sukari? Naona mikono mingi. Sasa la pili: kati ya hao, nani amemwambia daktari wake kwamba anafunga? Mikono imepungua. Basi mada yetu iko hapo hapo.

Tunajua sote hali ilivyo. Bibi anakwenda kliniki, anaambiwa, "Mama, wewe usifunge." Anaitikia "haya", anachukua dawa zake anarudi nyumbani. Ramadhan ikiingia anafunga kama kawaida, na vidonge anavipanga mwenyewe anavyoona. Daktari anadhani amesikizwa. Bibi anadhani ameilinda ibada yake. Katikati hapo ndipo mtu hukutwa amezimia saa tisa ya mchana.

Je, hatari hii ni ya kweli, au ni madaktari kututisha tu? Mwaka 2001 ulifanywa utafiti mkubwa unaoitwa EPIDIAR, matokeo yake yakachapishwa 2004. Ulihusu wagonjwa 12,243 katika nchi 13, zikiwemo Misri, Saudi Arabia, Pakistan, Indonesia na Morocco. Sisi Kenya hatukuwemo, lakini saumu ni moja na maradhi ni yale yale.

La kwanza walilolikuta: katika kila wagonjwa 100 wa kisukari aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, 79 walifunga angalau siku 15. Wa aina ya kwanza, ambao hawaishi bila sindano ya insulini, walifunga 43 katika kila 100. Kwa hivyo wanaofunga ni wengi.

La pili ni zito. Walihesabu mara ambazo sukari ilishuka vibaya hadi mtu akapelekwa hospitali. Kwa aina ya pili, miezi ya kawaida ilikuwa mara 0.4 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Ndani ya Ramadhan ikafika 3. Kwa aina ya kwanza ilitoka 3 ikafika 14. Na si kushuka peke yake. Kwa aina ya pili, sukari kupanda kupita kiasi kulitoka mara 1 kukafika 5 kwa kila 100. Nayo futari yetu mnaijua: kaimati za shira, tambi za sukari, chai tamu na sambusa, vyote ndani ya saa moja!

La tatu ndilo ninalotaka mlishike. Waliobadilisha kipimo cha dawa zao kwa ajili ya Ramadhan hawakufika nusu. Mtu amebadilisha saa za kula, saa za kulala, kila kitu, lakini dawa ni ile ile ya mwezi wa Rajab.

Hapo mjadala ukaanza baina ya madaktari. Wako waliosema: tarakimu ndizo hizo, wagonjwa wakatazwe, basi. Wengine wakajibu: mtawakataza vipi watu ambao 79 katika 100 wanafunga tayari? Ukimkataza bila kumsikiliza hataacha kufunga, atakuficha tu. Afadhali afundishwe. Tena wakasema utafiti ule uliwauliza watu mambo yaliyokwisha kupita, na kumbukumbu ya binadamu ina mapungufu.

Kundi hili la pili likadaiwa ushahidi. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mdogo kutoka London. Wagonjwa wa aina ya pili 57 walihudhuria darasa kabla ya Ramadhan, wakafundishwa chakula, mazoezi, kupima sukari na kupanga dawa. Wengine 54 hawakuhudhuria. Wasiosoma, matukio ya sukari kushuka yalitoka 9 yakafika 36. Waliosoma yalitoka 9 yakateremka hadi 5. Na wote walifunga!

Sasa tuwe waadilifu. Watu hawa hawakugawanywa kwa kura. Huenda waliokuja darasani ni wale wanaojijali zaidi tangu mwanzo. Na watu 111 si wengi. Kwa hivyo hatusemi darasa ni kinga kamili. Tunasema lina dalili kubwa ya kusaidia, na halina madhara.

Ukaja na mjadala wa dawa. Mwaka 2011 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Mashariki ya Kati uliwagawanya kwa kura: wengine waendelee na vidonge vya kundi la glibenklamidi, wengine wahamie dawa mpya, sitagliptini. Waliopata dalili za sukari kushuka walikuwa asilimia 13.2 kwa dawa za zamani na 6.7 kwa ile mpya. Lakini ukisoma utafiti, uliza pia nani kaulipia. Huu ulilipiwa na kampuni inayotengeneza dawa hiyo mpya. Hilo halifanyi matokeo kuwa uongo, ila linatutaka tuwe macho. Msiende kuuza mbuzi kununua dawa ghali. Metformini, ambayo wazazi wetu wengi wanaitumia, ikiwa peke yake si kawaida yake kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ndiyo ya kuangaliwa sana, maana hukaa mwilini muda mrefu na huulazimisha mwili kutoa insulini hata kama hujala kitu. Mara nyingi daktari huhamisha dozi kubwa kuwa ya futari na kupunguza ya daku. Hesabu hiyo ni yake, si yangu wala si ya jirani.

Mjadala huu umefika wapi? Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wataalamu wa kisukari na Ramadhan walitoa mwongozo, wakaurekebisha 2021. Hausemi wote wafunge wala wote wasifunge. Kila mgonjwa anapimwa hatari yake: aina ya kisukari, dawa, figo, umri, ujauzito, kama sukari ilimshuka vibaya karibuni. Mwenye hatari ndogo huweza kufunga kwa maelekezo. Mwenye hatari kubwa hushauriwa asifunge. Na anayefunga, sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue saa hiyo hiyo, hata ikiwa imebaki dakika kumi adhana ya Magharibi. Kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, hizo ni dalili za sukari kushuka. Usimwambie "vumilia kidogo." Mpe kitu kitamu. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Wako wanaoogopa kudungwa kidole wakidhani saumu itaharibika. Wanazuoni wengi wamesema haiharibiki. Pima.

Upande wa dini mnayajua. Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa, alipe siku nyingine, na asiyeweza kuna fidya ya kulisha masikini. Ruhusa ile imetoka kwa Yule Yule aliyeifaradhisha saumu. Mzee anayeitumia hajapungukiwa na kitu, na nyinyi vijana msimtazame kwa jicho la kumhurumia anapokula mchana. Wengine hujidhuru kwa kuogopa macho ya nyumbani.

Kwa hivyo kazi yenu vijana ni hii. Mpeleke mzazi kliniki wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhan, mwambieni daktari ukweli kwamba anataka kufunga. Ikiwa unasoma haya na mwezi umeshaingia, nenda kesho. Daku aile mwisho wa wakati, ambayo ni sunna na pia ndio ushauri wa madaktari. Mashine ya kupimia iwe karibu. Na jawabu la daktari mlipeleke kwa sheikh, wasikizane.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.