Nyanya Asiye na Kipande



Watu waliobobea katika kutafuta mababu kwenye makaratasi ni Waayalandi. Njaa ya viazi iliyoanza 1845 iliwatawanya, na leo mjukuu aliyezaliwa Boston akithibitisha kwamba babu au nyanya yake mmoja alizaliwa Ayalandi, anaweza kuomba uraia wa nchi ambayo hajaikanyaga. Sasa njooni Kibera. Babu wa Wanubi waliletwa huku na jeshi la Mwingereza, wakapewa vibali vya mashamba kuanzia 1912, na mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Kwa miaka mingi kitukuu cha askari wa jeshi hilo, aliyezaliwa Kibera na mzazi aliyezaliwa Kibera, akifika umri wa kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati na kudaiwa karatasi za babu yake. Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliiamulia Kenya vibaya juu ya jambo hilo mwaka 2011. Hatimiliki ya jamii ilipotoka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nasaba ni burudani ya wastaafu.

Mtaniambia: wenzetu Waayalandi wana kumbukumbu. Wanazo kidogo kuliko mnavyodhani. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea pamoja na sehemu kubwa ya sensa za karne ya 19. Sensa nyingine serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu. Watafiti wakalazimika kuzunguka: orodha za kodi ya ardhi, rejesta za parokia, mawe ya makaburi. Na sisi tuliunguliwa; moto wa Sekretarieti ya Nairobi wa 1939 ulikula majalada mengi, na Mwingereza alipoondoka 1963 alibeba mengine, akayaficha hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipomlazimisha kuyakiri mwaka 2011.

Lakini si moto uliotuponza zaidi. Kuandikisha vizazi kulikuwa lazima kwa Wazungu tangu 1904 na kwa Waasia tangu 1906. Kwa Waafrika kulienea kidogo kidogo, kukaifikia nchi nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo mkoloni alimwandika Mwafrika alipotaka kitu kwake. Alitaka kodi ya kibanda tangu 1901, na kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, daftari la kodi linaweza kukudokeza mji ulikuwa na wake wangapi, bila kumtaja hata mmoja. Akataka vibarua, akaleta kipande: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, vyote ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Kipande kilikuwa cha wanaume. Ndiyo maana mtu wa Kawangware anaweza kujua babu yake alilipwa shilingi ngapi kwenye shamba la mzungu, asijue nyanya yake aliitwa nani.

Nyanya huyu anapatikana, ila usimtafute mlangoni alikopita mumewe. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama; wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Kusanya wajukuu wa kike wa mji mmoja, wapange kwa kuzaliwa: jina linalojirudia kwa mabinti wa kwanza wa kila mwana wa kiume ndilo la nyanya yako. Waayalandi nao walikuwa na desturi kama hiyo, isipokuwa kwao binti wa kwanza mara nyingi alifuata mama ya mama. Mpangilio ukivunjika, usikasirike. Hapo ndipo pa kuuliza. Watoto walioitwa majina ya wazazi wa mama peke yao mara nyingi ni wa mwanamke ambaye hakuolewa. Familia itakuwa imelinyamazia jambo hilo miaka hamsini, na majina yamelisema mchana kweupe.

Kwa ndugu zetu Wamaragoli kanuni hii haitoshi, maana jina hufuata marehemu. Wao waanzie kwenye kumbukumbu za Waquaker, wamishenari waliofika Kaimosi 1902.

Halafu nenda kanisani. Misheni ya St Austin's, majirani zetu hapa Kawangware, ilianzishwa 1899. Rejesta ya ubatizo ya Kikatoliki humtaja baba, mama na msimamizi, na kwa sheria ya Kanisa ndoa ya baadaye huongezwa pembeni mwa jina la aliyebatizwa. Soma pembeni kabla ya kusoma katikati. Kwa Waislamu wa Kibera, karatasi za ndoa na mirathi kwa kadhi humwita mwanamke binti wa fulani, na huyo fulani ni kizazi kingine umekipata bure.

Miaka ipatikane kwa rika na kwa njaa. Mzee akikwambia mamake alizaliwa wakati wa Ruraya, ni ile njaa kuu ya 1898 na ndui yake. Akitaja rika la tohara la Kihiu Mwiri, wengi huiweka tohara hiyo 1914. Linganisha na rejesta, usikubali upande mmoja.

Nina ombi. Kila Ijumaa na Jumamosi mtaa huu unachapisha vitabu vidogo vya mazishi, vyenye wake, watoto, wakwe na wajukuu kwa mpangilio. Hakuna ofisi iliyowahi kutuandikia familia zetu vizuri namna hiyo, na Jumapili vinafungiwa maandazi. Wekeni nakala moja nyumbani, nyingine mpeleke kanisani au msikitini. Na mnaoviandika, msiishie kwa "mke wa marehemu": andikeni jina lake, jina la mamake, na mahali alikotoka.