Kiranja na Mwanafunzi Mdogo: Uongozi wa Utumishi katika Shule za Kikatoliki

Uongozi wa wanafunzi katika shule ya Kikatoliki ni utumishi, na kipimo chake ni hali ya mwanafunzi mdogo kuliko wote shuleni. Kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa chakula, wa bweni, wa taaluma na wa ibada, wote hupewa cheo kwa sababu kuna mtu anayehitaji kuhudumiwa. Msingi wa fundisho hili uko katika sura ya 13 ya Injili ya Yohane. Usiku wa kuamkia mateso yake, Yesu alivua vazi la juu, akajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha miguu wanafunzi wake, akiwamo Yuda aliyekuwa tayari kumsaliti. Kanisa hurudia tendo hilo kila Alhamisi Kuu. Mwaka 1970 Mmarekani Robert Greenleaf aliandika insha iliyoeneza fikra ya kiongozi mtumishi katika makampuni na vyuo, lakini kwa Mkristo fikra hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka elfu mbili.

Kata ya Buger iko katika nyanda za juu za wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Wakatoliki wa huko ni waumini wa Jimbo la Mbulu, lililopata hadhi ya jimbo tarehe 25 Machi 1953. Mtoto wa Buger anapomaliza darasa la saba, na wazazi wakauza mahindi au ng'ombe ili kumlipia ada ya shule ya bweni ya Kanisa, huwazoea viranja kabla ya kumzoea mwalimu yeyote. Kiranja ndiye anayemwonyesha kitanda, bomba la maji, bwalo na njia ya kwenda kanisani. Kwa wiki kadhaa ataitwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni. Akiagizwa kufua nguo za wakubwa, au tranka lake likafunguliwa bila idhini yake, atajifunza kwamba cheo ni ruhusa ya kuonea. Akisaidiwa kubeba godoro na kuelezwa ratiba kwa upole, atajifunza jambo jingine kabisa, na miaka mitatu baadaye, zamu yake ya kuongoza ikifika, atalitenda.

Utumishi huonekana kwanza kwenye foleni ya chakula. Siku ya makande, maharage hutangulia kuisha na mahindi ndiyo hubaki. Pale ambapo viranja wana meza yao na hupakuliwa mwanzo, njuka aliye mwisho wa foleni hupata mahindi matupu, na hakuna kiongozi anayejua. Kiranja anayekula mwisho huona sufuria ilivyobaki. Anajua chakula kimepungua kwa wanafunzi wangapi, na anaweza kumweleza mwalimu wa zamu jioni ile ile. Kwa hiyo kukaa mwisho kuna faida mbili: ni tendo la unyenyekevu, na pia ni njia ya uhakika ya kupata habari za kweli kuhusu watu anaowaongoza.

Jambo la pili ni adhabu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Kiranja hayumo. Anayempiga mwenzake, au kumpigisha magoti usiku bwenini, anavunja sheria ya nchi na anaikana Injili iliyosomwa asubuhi. Hali hiyo hiyo inahusu daftari la majina. Katika shule nyingi kiranja huandika wanaozungumza kilugha. Mtoto wa Buger amekua akizungumza Kiiraqw, na jirani yake wa kitanda huenda amekua akizungumza Kidatoga. Kiranja mtumishi hulinda utaratibu wa shule kwa kumfundisha mgeni maneno anayokosa, na hutanguliza kumsaidia kabla ya kuandika jina lake. Daftari linalojaa majina ya wageni linaonyesha kwamba kiongozi hajawafundisha.

Mfano mkubwa wa kijana aliyeongoza vijana wenzake kwa imani unatoka Uganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Mwanglikana James Hannington. Karoli Lwanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaipokea nafasi hiyo akijua gharama yake. Aliwafundisha dini waliokuwa chini yake na kuwakinga wadogo dhidi ya matakwa machafu ya Kabaka. Mei 1886, huko Munyonyo, alipoona hukumu imekaribia, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa bado, akiwamo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Inasimuliwa kwamba alimwahidi Kizito kumshika mkono saa ya hukumu. Tarehe 3 Juni 1886 wote wawili walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964. Cheo cha Lwanga kilikuwa ngao ya wadogo, naye hakukiacha kilipogeuka kuwa hatari kwake.

Shuleni, imani hii hupata mbinu ya kazi kupitia TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa sekondari. Mbinu hiyo ilienezwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn, na Papa Yohane wa 23 aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961: tazama, amua, tenda. Tuseme njuka mmoja huchelewa Misa ya asubuhi kila wiki. Kutazama ni kumuuliza, na kugundua kwamba hutumwa maji na wakubwa alfajiri. Kuamua ni kulipima jambo hilo kwa Injili na kukiri kwamba anayekosea si yeye. Kutenda ni kupanga zamu ya maji inayowahusu wote bwenini, viranja wakiwamo, na kumshirikisha patroni au matroni.

Shule za Kanisa hupokea pia Walutheri, Waislamu na wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Kiranja wa ibada hualika kwa mwenendo wake, na haki ya mwanafunzi asiye Mkatoliki hailindi kwa shingo upande.

Utumishi bila sala huchosha upesi, na kiongozi aliyechoka huanza kudai sifa au kuwaka hasira. Ndiyo maana Misa, kitubio na kimya cha tafakari ni sehemu ya kazi yake. Wanafunzi Wairaqw wanalifahamu hilo kutoka nyumbani: mzee huongoza slufay, sala ndefu ya baraka, na waliohudhuria humwitikia. Anayewaombea watu hadharani hujifunga kuwatakia mema hata baada ya mkutano kuisha.

Mwisho wa uongozi ni kukabidhi. Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule za Kikatoliki za Mtakatifu Maria, Tabora, na Mtakatifu Fransisko, Pugu, aliacha urais mwaka 1985 na kurudi Butiama. Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Kiranja naye hukabidhi funguo na daftari anapokaribia mtihani wa taifa, kisha hurudi kwenye foleni kama wengine. Ametumikia vizuri ikiwa njuka aliyempokea analala bila hofu, anakula sawa na wenzake, na yuko tayari kumpokea mgeni wa mwaka unaofuata.