Musitupe karatasi: asiransi ya zamani inaweza kulipa udongo wenye sumu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi

 

Kila mara tukisema udongo wetu uko na sumu, tunapata jibu moja: « Ni nani atalipa? Wakubwa wa zamani walienda, makuta hakuna. » Leo ninataka kuwaonyesha fasi moja ambayo hatujatafuta bado: kabati ya mikataba ya asiransi.

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, mu jimbo la California. Karibu na Riverside kuko fasi inaitwa Stringfellow. Toka 1956 mpaka 1972, viwanda vilimwanga pale asidi na maji machafu ya kemia, zaidi ya galoni milioni 30, ni kusema zaidi ya litre milioni 110. Serikali ya jimbo yenyewe njo ilikubali ile fasi. Walisema mwamba wa chini ni mugumu, hautapitisha kitu. Kumbe ulikuwa na nyufa. Sumu ikashuka mu maji ya chini ya udongo. Mwaka 1969 mvua kubwa ikanyesha, mashimo yakafurika.

Mwaka 1998 tribinali ikaamua kama jimbo litabeba gharama ya kusafisha. Jimbo lilisema gharama inaweza kufika dola milioni 700. Lakini lilikuwa na karatasi: mikataba ya asiransi lililonunua kati ya 1964 na 1976. Likashitaki makampuni ya asiransi. Kesi ikapanda mpaka korti kubwa ya California, na mwaka 2012 majaji wakasema: sumu imeharibu udongo miaka mingi mfululizo, basi mikataba ya miaka hiyo inaweza kujumlishwa, kila moja mpaka mwisho wa kiasi kilichoandikwa ndani.

Mutauliza: namna gani karatasi ya 1964 inalipa leo? Sikilizeni vizuri, hapa njo kuko siri. Mikataba ya zamani ilifunika uharibifu uliotokea ndani ya mwaka wa mukataba, hata kama mutu amekuja kulalamika miaka makumi nyuma yake. Kampuni ya asiransi ilikula makuta ya mwaka ule; deni la mwaka ule ni lake. Kiisha, mwaka 1986 maasiransi ya Marekani yaligeuza maneno: yakaanza kuandika kama uchafuzi hauko ndani kabisa. Juu ya hiyo, kule karatasi ya mbele ya 1986 ni mali.

Na kama karatasi imepotea? Wanatafuta alama zake: vitabu vya hesabu, sheki iliyolipa asiransi, barua, ripoti za mikutano. Kuko watu kule wenye kazi yao ya kila siku ni kuchimba mikataba ya zamani, sawa vile wengine wanachimba mifupa na vyungu.

Sasa turudi nyumbani. Union Minière ilizaliwa 1906, kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi kilianza 1911. Mwaka 1967 serikali ikatwaa mali yake, ikawa ile tunaita leo Gécamines. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na cobalt nyingi sana mu mukojo. Terril munaiona kila asubuhi, sina lazima ya kuwaonyesha.

Na asiransi? Toka 1966 mpaka sheria ya 2015, SONAS peke yake njo ilikuwa na haki ya kuuza asiransi mu inchi hii. Ni kusema kwa miaka karibu 50, kama mukataba ulikuwako, kuko nyumba moja tu ya kuanza kuuliza.

Lakini sitawadanganya. Kuko mutego. Mikataba ikiwa iliandikwa kwa zaïre, hesabuni: mwaka 1993, zaïre milioni 3 zikawa nouveau zaïre 1. Mwaka 1998, nouveau zaïre 100.000 zikawa franc 1. Kwa hiyo zaïre miliari 300 za zamani ni franc 1 ya leo. Mutu anaweza kushinda kesi na asiweze hata kununua maji ya saché.

Njo maana mapigano makubwa ni ya karatasi ya LEO. Sheria ya migodi ya 2018 inasema mwenye mugodi atengeneze uharibifu alioleta, hata kama hakufanya kosa. Vizuri. Lakini haki bila makuta ni hewa. Basi kila kampuni inayochimba karibu na kartiye yetu tuiulize maswali ine:

Moja: uko na asiransi ya uchafuzi? Onyesha.

Mbili: imeandikwa kwa makuta gani, dola ao franc?

Tatu: inalipa uharibifu uliotokea wakati wa mukataba, ao inalipa tu kama malalamiko yamefika mukataba ungali muzima? Kama ni hii ya pili, siku kampuni inafunga mulango na asiransi inakwisha, wewe unabakia na sumu yako.

Ine: kopi inalindwa wapi, ili mutoto anayezaliwa leo aipate mwaka 2060?

Na sisi pia tuko na kazi. Tarehe njo ufunguo wa asiransi. Maji ya kisima yakigeuka rangi, andika siku. Piga picha. Linda karatasi ya hospitali, linda barua mulioandikia komine, na ile yenye ulipata kama jibu. Baba ao babu yako akiwa alifanya kazi mu biro ya kampuni, muulize kama kuko makaratasi chini ya kitanda. Musiyawashie makala!

Majaji wa California hawakusikia kilio cha watu peke yake. Walisoma karatasi. Sisi kilio tuko nacho tayari. Tukusanye karatasi.