Harufu ya Mwindaji na Mfuko wa Mnunuzi

Hotuba kwa wakazi wa Kentucky wazungumzao Kiswahili, iliyotolewa kabla ya msimu wa kuwinda kulungu



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo: namna mwindaji anavyoweza kuificha harufu ya mwili wake kwa vitu vya nyumbani, pasipo kutumia fedha nyingi dukani. Nimelikubali ombi hilo kwa sababu tatu. Kwanza, wamo miongoni mwetu watu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania ambao sasa huungoja mwezi wa Novemba ili waijaze friza nyama ya kulungu, na nyama hiyo ni msaada wa kweli kwa nyumba yenye watoto wengi. Pili, wauzaji wanaijua hamu yetu, nao wameyajaza maduka chupa, mavazi na mashine zenye ahadi kubwa. Tatu, baadhi ya maelekezo yanayopita mdomo kwa mdomo yana hatari ndani yake, na hatari hiyo imepata kunifika mimi mwenyewe.

Mnyama tunayemzungumzia ni kulungu mwenye mkia mweupe. Tumemwita kulungu kwa kukosa jina jingine, lakini si yule wa misitu ya kwetu. Dume la huku huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, ilhali kulungu wa Afrika hubaki na pembe zake maisha yake yote. Huyu wa huku huitegemea pua yake kuliko jicho lake. Akiona kitu asichokifahamu, pengine atasimama atazame tena. Akinusa harufu ya mtu, haulizi mara ya pili.

Basi tuanze na dawa isiyouzwa, nayo ni upepo. Wafuata nyayo wa Afrika Mashariki hutembea na kifuko cha majivu. Hukitikisa, wakatazama vumbi linaelekea wapi, kisha ndipo wanapochagua njia. Huku Marekani wawindaji hufanya hivyo hivyo kwa unga wa talki usio na manukato au kwa sufi za mimea ya porini. Kanuni ni moja: keti mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako, wala usikubali utoke kwako kwenda kwake. Katika nchi ya vilima kama hii yetu, liko na jambo la pili. Asubuhi jua likiisha kupasha ardhi joto, hewa hupanda mteremko. Jioni ardhi ikipoa, hewa hushuka bondeni kama maji. Kwa hiyo anayengoja asubuhi na akae juu ya njia ya kulungu, na anayengoja jioni na akae chini yake. Mtu akilifahamu hili amepata faida ambayo hakuna chupa ya dukani inayoweza kuishinda.

Dawa ya pili ni usafi, na hapa inafaa tuelewe harufu inatoka wapi. Jasho jipya halinuki sana. Bakteria walioko juu ya ngozi ndio wanaolila na kulivunja, na katika kulivunja hutokea asidi zenye harufu kali. Ndiyo maana bekingi soda inasaidia: yenyewe si asidi bali ni kinyume chake, na zikikutana, asidi hizo hugeuka kuwa chumvi zisizoruka hewani kwa urahisi. Msichanganye majina, tafadhali. Nasema ule unga mweupe wa kuumulia keki unaouzwa katika kisanduku kidogo kwa bei ndogo. Sisemi magadi ya kulainishia maharage, wala kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi.

Matumizi yake ni haya. Zifue nguo za kuwindia peke yake, kwa kikombe kidogo cha bekingi soda au kwa sabuni isiyo na manukato. Sabuni nyingi za kufulia zina manukato, na tena zina kemikali za kuing'arisha nguo ambazo huonekana wazi kwa jicho la kulungu, kwa maana jicho lake huiona rangi ya buluu vizuri kuliko letu. Usitumie karatasi za manukato katika mashine ya kukaushia, anika nje. Nguo zikikauka zitie katika sanduku la plastiki lenye kifuniko, pamoja na majani makavu au matawi ya msonobari uliyoyaokota mahali pale pale unapowinda. Uzivae ukishafika msituni, si nyumbani. Nalisema hili kwa mapenzi, kwa kuwa nazijua nyumba zetu: koti lililotundikwa karibu na jiko usiku wa kukaanga samaki litatangaza habari zako kilima kizima.

Mwili nao uoshwe kwa sabuni isiyo na manukato, na marashi yangoje siku nyingine. Viatu vya mpira havishiki harufu kama vya ngozi, lakini usivivae ukienda kutia petroli. Ukitaka maji ya kunyunyizia nguo, vijiko vichache vya bekingi soda katika lita moja ya maji safi vinatosha. Wako pia wanaozifukiza nguo zao kwa moshi wa kuni kama walivyofanya wazee wa mataifa mengi. Mahali ambapo kulungu wamezoea moshi wa majumbani huenda ukawafaa. Lakini moto huo uwashwe nje, mahali pa wazi, kamwe usiwe ndani ya nyumba wala ndani ya gereji, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua watu waliolala.

Sasa nifike kwenye yale ya hatari. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda, mwenzangu mmoja kazini alinipa maelekezo maarufu: haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, ichanganywe na bekingi soda, maji na sabuni ya maji kidogo. Nilichanganya, nikamimina katika chupa ya plastiki, nikakaza kizibo kwa nguvu zangu zote, nikaiweka jikoni tayari kwa alfajiri. Usiku wa manane kizibo kiliruka kwa kishindo. Katika nyumba ya watu waliokimbia vita, mlio wa namna ile usiku si jambo la mzaha. Watoto walijitupa chini ya kitanda kabla sijapata neno la kusema, na mama yao aliwakumbatia pale sakafuni hadi kulipokaribia kupambazuka. Asubuhi tuliona kitenge chake, alichokuja nacho kutoka kambini, kimepata mabaka meupe yasiyofutika.

Kosa halikuwa la mwenzangu peke yake, mimi sikuuliza. Peroksaidi ikikutana na bekingi soda huanza kutoa hewa ya oksijeni, na hewa hiyo isipopata pa kutokea huivimbisha chupa hadi ipasuke. Anayetaka kutumia mchanganyiko huo na auchanganye kidogo katika chombo kilicho wazi, autumie siku ile ile, na yanayobaki ayamwage. Asiufungie kamwe, wala asiuache karibu na watoto. Tena akumbuke kuwa huchujua rangi. Peroksaidi yenye nguvu zaidi ya ile ya asilimia 3 haina kazi katika nyumba ya mwindaji.

Pia, ndugu zangu, msichanganye dawa za kusafishia kwa kubahatisha. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikitiwa amonia au siki hutoa gesi yenye sumu, na siki ikitiwa katika peroksaidi hutoa asidi inayochoma macho na mapafu. Anayesema kwamba viwili vizuri vikiungana vitakuwa vizuri mara mbili hajui kemia.

Nije kwenye duka. Yako mavazi ya bei kubwa yaliyotiwa kaboni ya kunasa harufu. Mwaka 2007 wawindaji kadhaa wa Minnesota walikwenda mahakamani wakidai kuwa matangazo ya mavazi hayo, yaliyosema kwamba yanaondoa harufu, hayakuwa ya kweli. Mwaka 2010 jaji wa wilaya alikubaliana nao kwa sehemu. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, ikiona kwamba neno "kuondoa" si lazima lieleweke kuwa ni kuondoa kila chembe. Sikuleta habari hii ili niseme nani alikuwa na haki. Nimeileta ili mnunuzi ajue kwamba neno kubwa juu ya lebo laweza kuwa na maana ndogo mbele ya sheria. Kaboni kweli hunasa harufu, lakini ikijaa haisafishiki kikamilifu kwa joto la mashine ya kukaushia nguo. Viwandani hutumika joto kali mno kuliko hilo. Na hata vazi likinasa harufu yote ya ngozi, bado mtu anapumua, na pumzi yake inatoka nje.

Iko pia mashine ya ozoni. Mamlaka ya Kulinda Mazingira ya Marekani imeonya kwamba ozoni huyadhuru mapafu, na mwenye pumu yumo hatarini zaidi. Ozoni hiyo hiyo hula mpira na nyuzi zinazovutika, kwa hiyo usiitumie juu ya mikanda ya usalama. Na mkojo wa kulungu unaouzwa katika vichupa, kabla hujaununua soma kanuni za mwaka huu za jimbo unalowindia. Uko ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, ulioanza kutambuliwa Colorado mwaka 1967 na ukagunduliwa hapa Kentucky mwaka 2023, ambao viini vyake hupatikana hata katika mkojo na mate. Kwa sababu hiyo majimbo kadhaa, Virginia na Vermont miongoni mwao, yamepiga marufuku matumizi ya mkojo wa asili.

Ukinunua kitu na ukaona ahadi yake haikutimia, usinyamaze kwa kuona haya ya ugeni. Hifadhi risiti, hifadhi na lebo. Mwendee muuzaji kwanza. Asipokusikiliza, peleka malalamiko katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, idara ya kuwalinda wanunuzi. Haki hiyo ni ya kila mnunuzi, wala haipimwi kwa lafudhi.

Nina mawili ya mwisho, nayo yanahusu uhai. Wengi hupanda dungu juu ya mti wakitumaini kwamba harufu yao itapita juu ya kulungu. Huenda ikawa hivyo, lakini wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Jifunge mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoondoka ardhini hadi unaporudi, na bunduki ipandishwe kwa kamba baadaye, ikiwa haina risasi. Pili, kuificha harufu si kujificha machoni mwa wawindaji wenzako. Katika msimu wa bunduki sheria ya Kentucky yataka rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni. Kulungu haioni rangi hiyo kama tuionavyo sisi, kwa hiyo huna unachopoteza kwa kuivaa. Na kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada yake, akifikia umri wa miaka 12, awe na kadi ya mafunzo ya uwindaji.

Kwa muhtasari: upepo kwanza, maji na bekingi soda baadaye, na duka liwe la mwisho. Fedha utakayookoa katika chupa zenye ahadi itumie kununua mkanda imara. Nyama ya kulungu ni tamu, lakini utamu wake wa kwanza ni mlango kufunguliwa jioni, na aliyeondoka alfajiri akaingia mzima, ama amebeba kitu, ama mikono mitupu.