Sema Kabla ya Kupanda

Yeyote aishiye na kifafa, naye ameazimia kuteremka Mombasa kwa basi au kwa treni ya Madaraka Express, ama kuabiri meli ya watalii pale bandarini Kilindini, yampasa aibainishe hali yake kabla ya kupanda. Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa pumzi, wala kwa kuketi kiti kimoja. Na dhana kongwe kwamba kinaambukiza, ambayo hata baadhi ya wasomi wameing'ang'ania, ndiyo iwafanyayo wengi kuificha hali yao.

Basi sema kabla ya kupanda. Mwambie mhudumu, au jirani yako kitini: “Nikianguka, nilazeni ubavu, msinitie kitu kinywani, wala msinishike kwa nguvu; zikipita dakika 5 sijatulia, mwiteni tabibu.”

Msafiri wa meli na aiarifu kampuni tangu anapokata tiketi, maana baharini hospitali i mbali. Sema kabla ya kupanda. Na dawa zako, pamoja na waraka wa daktari, zikae katika mkoba wa mkononi, zisifungiwe sandukuni.