Mtoto wa Goma Anadaiwa Nini na Adamu?

Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipopasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka hadi katikati ya Goma, ikateketeza nyumba za maelfu ya watu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakomea Buhene, ukingoni mwa mji. Maafa ya namna hii hayaji bila swali lake: ni dhambi ya nani? Katika Injili ya Luka, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hata hivyo Ukristo ulikuja kufundisha jambo zito zaidi, kwamba mtoto mchanga, kabla hajatenda lolote, tayari ana hatia aliyoirithi kwa Adamu. Mhadhara huu unauliza kama fundisho hilo ni la haki, na unauliza kwa niaba ya watoto.

Aliyelijenga alikuwa Mwafrika. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alibishana na Pelagio, aliyeshikilia kwamba kila mtu hujibu kwa matendo yake mwenyewe. Mwaka 418 mtaguso wa Karthago ulilaani mafundisho ya Pelagio. Augustino hakurudi nyuma hata mbele ya makaburi ya watoto: waliokufa bila ubatizo, alifundisha, wamo katika hukumu, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Juliano, askofu wa Eclanum huko Italia, alimjibu kwa ukali. Mungu anayemwadhibu mtoto kwa kosa la mwingine, alidai, hawezi kuitwa mwenye haki. Augustino alifariki mwaka 430, Hippo ikiwa imezingirwa na jeshi la Wavandali, na kitabu chake cha mwisho dhidi ya Juliano kikiwa hakijamalizika.

Katika hoja ya haki, Juliano alikuwa sahihi. Lakini Augustino aliona kitu ambacho mpinzani wake alikipuuza: uovu hauanzi upya kwa kila anayezaliwa. Mtoto aliyezaliwa katika iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo, karibu na Goma, alirithi vita asivyovianzisha. Alirithi njaa, hofu, na chuki aliyofundishwa kabla hajajua kusoma. Huo ni urithi wa kweli, na yeyote aishiye Goma anaujua. Kosa ni kuuita hatia.

Kanisa Katoliki lenyewe limesogea. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema dhambi ya asili si kosa la binafsi la mzawa yeyote wa Adamu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilieleza kwamba ziko sababu za kutumaini wokovu wa wachanga waliokufa bila ubatizo. Wabatisti wa CBCA (Communauté Baptiste au Centre de l'Afrique), wenye makao yao makuu hapa Goma, hungoja mtu akiri imani kwa kinywa chake ndipo abatizwe.

Juu ya hatia hiyo ya kurithi husimama uteuzi wa azali, yaani kwamba Mungu aliwachagua watakaookoka kabla ya kuumba ulimwengu, nao ni mgumu zaidi kuutetea. Mwanamatengenezo Yohane Calvin aliufundisha bila kuulainisha, na Sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619 ikauthibitisha dhidi ya wafuasi wa mwanateolojia Arminius, walioupinga. Watetezi wake husema wote wanastahili hukumu, kwa hiyo Mungu akiwasamehe baadhi hajamdhulumu aliyebaki. Ni kama mkopeshaji anayemfutia mmoja deni na kumdai mwingine. Hoja hiyo ina nguvu mpaka mtu aulize deni lilitoka wapi. Kama alikopa babu, na mjukuu hakushika hata senti, huruma kwa mmoja haigeuzi dai dhidi ya mwingine kuwa halali. Mafundisho haya mawili yameegemeana: hatia ya kurithi ikianguka, uteuzi unabaki bila utetezi.

Na hapa kwetu hatia ya kurithi si jambo la vitabuni tu. Wako watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa vita, ambao mama zao walitibiwa katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma au Panzi, Bukavu, kwa Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Watoto hao hutazamwa kama adui nyumbani kwa mama zao. Wako watoto wanaoitwa wachawi. Wako waumini wanaoambiwa kwamba umaskini wao ni laana ya ukoo, na kwamba lazima walipie maombi ya kuifungua. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataa kwamba mwana aubebe uovu wa baba yake. Wachungaji wanaohubiri laana wanaisoma Biblia hiyohiyo.

Walimu wa teolojia wa chuo kikuu cha ULPGL na wa seminari zetu waifundishe sura hiyo ya Ezekieli bega kwa bega na Warumi 5, isemayo kwamba dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na wachungaji waisome mbele ya familia zinazomfukuza mtoto. Sheria ya nchi haikusubiri: kifungu cha 41 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo.